Kama shamba ni la kukodi, jenga banda unaloweza kuondoka nalo

Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni kidogo, tuongelee majengo. Naona hela nyingi za vijana zinazikwa kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Wengi wenu mnalima na kufuga kwenye maeneo ya kukodi. Mwaka wa kwanza unajenga banda la kuku au ghala dogo la mahindi na mbaazi: tofali, saruji, mirunda, bati. Mwaka wa tatu mwenye eneo anakuja. Anataka eneo lake, au anapandisha kodi kwa sababu ameona pamependeza. Unang'oa mabati yakiwa yametobokatoboka kwa misumari, vingine vyote unaviacha. Na usidhani sheria itakubeba kirahisi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapotafsiri neno "ardhi", inajumuisha na majengo yaliyoshikizwa humo moja kwa moja. Kujenga ukuta wa tofali kwa mtu bila makubaliano ya maandishi ni kutafuta ugomvi.

Msimamo wangu ni huu: kijana anayekodi, na anayejua kuna siku atahama, afikirie fremu ya chuma chepesi.

Chuma chepesi ni nini? Ni bati la chuma lililopakwa zinki, linakunjwa na mashine likiwa baridi mpaka linakuwa chaneli yenye umbo la herufi C. Hizo kona ndizo zinazolipa nguvu. Chaneli zinakatwa kwa vipimo na kufungwa kwa skrubu zinazojitoboa zenyewe, unapata nguzo na kenchi. Ukutani unaweka bati, wavu wa kuku au turubai. Mchwa hawali chuma, na kenchi ya banda dogo inabebwa na watu wawili. Kubwa zaidi, kilichofungwa kwa skrubu kinafunguliwa kwa skrubu.

Najua utasema: afisa, hiyo si bei ghali? Ndiyo, ni ghali. Hebu tupige hesabu. Hizi namba ni za mfano tu, si bei za dukani. Tuseme fremu ya mirunda na ufundi wake ni sh. 900,000, na kila ukihama unaanza upya. Fremu ya chuma ni sh. 2,000,000, na kuihamisha (kufungua, gari, skrubu mpya, msingi mpya) ni sh. 300,000. Ukihama mara moja, mirunda imekula 1,800,000 na chuma 2,300,000. Mirunda bado ni nafuu. Ukihama mara mbili, mirunda ni 2,700,000 na chuma ni 2,600,000, halafu fremu bado unayo, unaweza hata kuiuza. Kwa hiyo weka bei zako halisi, kisha jiulize: nitahama mara ngapi?

Ndiyo maana simwambii kila mtu anunue. Kama ndio unaleta vifaranga wako wa kwanza na hujui soko likoje, anza na mirunda, mtaji uende kwenye chakula na chanjo. Kama kiwanja ni chako, jenga tofali, chuma chepesi kiweke kwenye kenchi tu, maana ndiko mchwa wanakotuumiza bila kuwaona.

Sasa ukiamua, angalia haya kabla hujatoa hela:

1. Unene. Kwenye geji, namba ikiwa kubwa chuma ni chembamba. Usikubali kuambiwa "ni nzuri tu", taka unene kwa milimita. Kenchi nyingi za aina hii zinaanzia kama milimita 0.75 kwenda juu, na upana wa banda unaweza kudai zaidi. Chaneli za dari la jipsam zinafanana na hizi kwa macho, lakini zimetengenezwa kubeba dari. Ukiziwekea paa zitakunjika.

2. Zinki. Ukiona alama Z275, maana yake ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Hiyo ndiyo kinga yako ya kutu.

3. Usichomelee. Mafundi wetu wengi wamezoea kuchomelea, wakiona chuma tu wanawasha mashine. Moto unaunguza zinki na kutoboa chuma chembamba, kutu inaanzia hapohapo. Skrubu na bolti tu.

4. Upepo. Jengo jepesi linapeperuka. Kila nguzo ifungwe kwa bolti kwenye kipande cha zege, na kuta ziwe na mikanda ya chuma ya mshazari. Hizo zege ndizo pekee utakazomwachia mwenye eneo.

5. Mbolea ya kuku. Maranda yaliyolowa yanatoa amonia, na amonia ikikutana na unyevu inakula zinki. Inua miguu ya fremu juu ya maranda kwa tofali mbili au zege, na banda lipitishe hewa.

6. Jasho la bati. Usiku wa baridi, hasa Juni na Julai, bati linatoa matone kwa ndani. Yakidondokea magunia, unakaribisha ukungu. Tusisahau mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na hapa mkoani kwetu, Kiteto. Acha matundu ya hewa juu, panga magunia kwenye chaga mbali na ukuta, na usiingize mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13. Fremu nzuri haikaushi mahindi mabichi.

Mwisho, karatasi. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mkataba wa kukodi uwe na sentensi hii: "Fremu, mabati na milango ni mali ya mpangaji, ataviondoa mkataba ukiisha." Msaini mbele ya mashahidi, na nakala ibaki ofisi ya mtaa au ya kijiji. Kama uko ndani ya mji, ulizia kibali cha ujenzi Halmashauri ya Mji, hata kama banda ni la kuhamishika. Mwenye eneo akigoma kusaini sentensi hiyo, ameshakuonyesha mwaka wa tatu utakuwaje. Tafuta eneo lingine mapema, hela ikiwa bado mfukoni.