Mlima Hauulizi Kwenu ni Wapi

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Kila mwaka orodha ya safari ya milimani ikibandikwa ubaoni hujaa majina yale yale. Wengine wetu husimama, husoma, hutikisa kichwa, kisha huenda zao. Ukiwauliza mbona hawajiandikishi, utajibiwa, "Aa, hayo ni mambo ya wazungu," ama, "Hayo ni ya wale wenye viatu vya bei." Mimi nasema la hasha! Mlima hauna mwenyewe.

Hebu tuangalie ukweli. Mwingereza Mackinder alipofika kilele cha Batian (mita 5,199) mwaka 1899, safari yake ilitegemea migongo ya wapagazi Waafrika. Majina ya vilele vyenyewe ni ya kwetu: Batian ni Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai, na Lenana ni mwanawe. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Kisoi Munyao ndiye aliyepandisha bendera yetu juu ya Lenana, mita 4,985. Na mnamo Mei 2022, James Kagambi, Mkenya aliyewahi kuwa mwalimu, alisimama kileleni mwa Everest akiwa na umri wa miaka 62. Sasa, haya ni mambo ya wazungu kivipi?

Mashaka haya nayajua vizuri. Kwetu ni Budalang'i, nchi tambarare. Sisi twajua mafuriko, mlima twauona kitabuni. Kabla ya kupanda Longonot (mita 2,776) mwaka jana, nilikuwa na sababu tele za kubaki: sina buti, mimi ni mnene kidogo, na nikichoka nitachekwa. Kilichonivusha si ushujaa, ni mambo mawili madogo. Kwanza, dada mmoja wa Kidato cha Nne aliniambia raba zangu za michezo zatosha, mradi soli haijalika. Pili, mwalimu aliyetuongoza alimweka mbele mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, yaani mimi, na wengine wakafuata. Ningeachwaje nyuma nami ndiye wa mbele? Tulipofika ukingoni mwa kreta na kuutazama msitu ulioko ndani yake, hakuna aliyeuliza habari ya unene wangu.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii: mashaka hayazaliwi moyoni peke yake. Hupandwa na tunayoyasikia, na yaweza kung'olewa na watu wanaotuzunguka.

Kuna watakaosema mlima si mchezo. Ni kweli. Kwenye Mlima Kenya baridi huuma, na anayepanda upesi mno huumwa kichwa na kutapika. Asiposhuka aweza hata kupoteza maisha. Lakini mlima huo humwangusha hata mwanariadha akiukimbilia. Kinga yake ni kwenda polepole, kunywa maji, kusema mapema unapojisikia vibaya, na kushuka bila haya. Katika hayo manne, ni lipi linalohitaji misuli ama pesa? Isitoshe, Lenana haihitaji kamba kama Batian na Nelion.

Kwa walimu wetu, naomba mambo mawili kwa heshima. Orodha ikibandikwa, iandikwe pia vifaa vipi vyaweza kuazimwa na vipi si lazima. Aidha, wanaomaliza Kidato cha Nne waombwe kuiachia shule buti, sweta na mabegi yasiyowafaa tena. Wenzangu mliokwisha kupanda, punguzeni zile hadithi za kutisha! Mwambieni mgeni ukweli: atachoka, na ninyi pia mlichoka.

Nawe unayesita, usingoje mpaka woga uishe ndipo ujiandikishe; utangoja hadi umalize shule. Anza na kilima kilicho karibu nanyi Jumamosi moja, ukiwa na rafiki na chupa ya maji. Ukiona miguu yako ni mizito, kumbuka wahenga walisema kutangulia si kufika, na mwenda pole hajikwai.