Michezo ya Biolojia darasani: nani hasa anadurusu?

KADIRI mitihani ya Kidato cha Sita, ambayo kwa miaka ya karibuni hufanyika mwezi Mei, inavyokaribia, madarasa ya tahasusi ya PCB huingia katika msimu wa kudurusu. Mwalimu huandika muhtasari ubaoni, wanafunzi hunakili, na usiku husoma tena yale yale waliyoyanakili. Wapo walimu walioamua kuuvunja utaratibu huo kwa kuingiza michezo: kadi za istilahi, chemshabongo baina ya makundi, hata maigizo ambamo wanafunzi hujifanya chembe za sodiamu na potasiamu zinazovuka utando wa seli, tatu zikitoka na mbili zikiingia.

Wapo wazazi na wakuu wa shule wanaoliona jambo hilo kuwa ni kupoteza muda. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mtaala ni mpana, na kijana anayewania nafasi ya kusomea udaktari hupimwa kwa mtihani, si kwa makofi aliyopigiwa darasani.

Hata hivyo, kusoma daftari lile lile mara ya pili nako kuna kasoro yake. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi wa chuo waliorudia kusoma makala na wenzao waliojaribu kuiandika upya kwa kumbukumbu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa maneno mengine, kinachojenga kumbukumbu ni ile taabu ya kulitafuta jibu kichwani.

Hapo ndipo michezo mingi inaposhindwa. Katika chemshabongo ya kawaida, swali huulizwa, mkono wa yule yule mwenye kasi hunyanyuka, na wengine arobaini hushangilia. Aliyepata taabu ya kukumbuka ni mmoja, tena ndiye aliyekuwa na haja ndogo kuliko wote. Kadi za istilahi nazo humzoesha mwanafunzi kuoanisha neno na maana yake bila kuweza kueleza lolote linalotokea ndani ya seli.

Mchezo unaostahili kutengewa kipindi ni ule unaomlazimu kila mwanafunzi kukumbuka na kueleza. Mfano mzuri, na wa bei nafuu, ni wa maharage. Kila kundi hupewa kopo lenye maharage 80 mekundu, yanayowakilisha jeni ya himoglobini ya kawaida, na 20 meupe, ya selimundu. Huchotwa mawili mawili bila kutazama. Kila jozi ni mtoto. Jozi ya meupe mawili huondolewa. Waliobaki huhesabiwa, kopo hujazwa tena hadi 100 kwa uwiano uliopatikana, na kizazi kipya huanza. Meupe hupungua, lakini kwa mwendo wa kobe, kwa kuwa mengi yamejificha katika jozi mchanganyiko.

Kisha mwalimu huleta malaria. Kila jozi ya mekundu mawili hurushiwa sarafu. Ikianguka upande wa mwenge, jozi hiyo nayo huondolewa. Sarafu inatia chumvi, maana malaria haiui nusu ya watoto, lakini matokeo hulishtua darasa: kwa kawaida meupe huongezeka vizazi vikiendelea, yakielekea theluthi ya kopo. Hilo ndilo aliloligundua Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, na kulichapisha mwaka 1954: anayebeba jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mwanafunzi aliyehesabu maharage hayo kwa mkono wake ana cha kuandika anapoulizwa kwa nini uteuzi wa asili haujaifuta jeni yenye madhara, na kanuni ya Hardy na Weinberg haibaki kuwa herufi za kukariri.

Lipo suala la lugha, ambalo watetezi wa michezo hulipita kimyakimya. Wanafunzi hubishana kwa Kiswahili, na mabishano huwa moto. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza. Kuwakataza Kiswahili ni kuwanyamazisha nusu yao. Lakini mchezo usioishia kwenye karatasi humwacha mwanafunzi na uelewa asioweza kuupatia alama. Dakika kumi na tano za mwisho zinapaswa kuwa za kimya, kila mmoja akiandika kwa Kiingereza maelezo ya alichokiona, na mwalimu akizikusanya karatasi zote, si ya mshindi pekee.

Kilo moja ya maharage haimtishi mkuu wa shule yeyote. Kigumu ni kupata vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, katika ratiba ambayo tayari imejaa mitihani ya majaribio.