Kuni za Bure Zina Bei Yake

Neno bure lina hila. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa, lakini kazi ya bure ni ile isiyo na tija. Nalikumbuka neno hili kila nisikiapo mjadala kuhusu nishati ya jikoni, kwa kuwa aghalabu huanza na kuishia katika kauli moja: gesi ni ghali, kuni ni za bure.

Suala la kuchagua chombo cha moto si letu pekee. Katika nchi za baridi, wenye nyumba wanabishana iwapo waendelee kupasha nyumba zao joto kwa tanuri la gesi au mafuta, ama wanunue pampu ya joto, mtambo ambao, mithili ya jokofu lililogeuzwa kinyume, huvuta joto lililoko nje na kuliingiza ndani. Kwa kipimo kimoja cha umeme, mtambo huo huweza kuingiza takriban vipimo vitatu vya joto. Hata hivyo wengi hubaki na tanuri, maadamu bei ya kununulia pampu huwashtua kabla hawajaifikia hesabu ya matumizi. Kisegi, karibu na Ziwa Viktoria, hakuna baridi ya kumlazimu mtu kupasha nyumba joto. Moto wa huko ni wa chungu. Lakini kosa la hesabu ni lile lile.

Kilo moja ya gesi ina takriban megajuli 46 za nishati, na jiko la kawaida hufikisha zaidi ya nusu yake kwenye sufuria. Kilo moja ya kuni kavu ina kama megajuli 16, na mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo hufikisha asilimia 15 hivi. Mwanafunzi wa fizikia wa shule ya upili ataona kwamba kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo kumi hivi za kuni. Basi mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 60 za kuni, yaani mizigo mitatu ya kilo 20 juu ya kichwa cha mtu.

Kichwa cha nani? Waluo wana neno kendo, ambalo ni mahali pa kupikia na vilevile ni ndoa. Nasi katika Kiswahili twasema mwanamume amepata jiko pindi anapooa. Lugha hizi mbili si za ukoo mmoja, ila zimekubaliana kumfunga mwanamke kwenye moto. Matokeo yake ni kwamba mwenye kushika mkoba ndiye aamuaye kama mtungi utanunuliwa, ilhali mwenye kuvuta moshi hana kura. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na moto wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hiyo ndiyo bure tunayoisifu.

Sisemi gesi haina dosari. Yeyote aliyewahi kusonga ugali juu ya mtungi mdogo anajua jinsi sufuria inavyoyumba. Serikali nayo imekuwa kigeugeu: ushuru wa thamani ya ziada juu ya gesi uliondolewa mwaka 2016, ukarejea kwa asilimia 16 Julai 2021, ukapunguzwa kwa nusu mwaka 2022, kisha ukaondolewa tena mwaka 2023. Familia itegemeayo omena, leo zimo kesho hazimo, haiwezi kupanga matumizi yake katika hali hiyo. Kwa familia hiyo, jiko la udongo aina ya Upesi, ambalo vikundi vya akina mama vya magharibi mwa Kenya vimelifinyanga kwa miaka mingi, ni afadhali mno kuliko mafiga. Hupunguza kuni, moshi haliumalizi.

Nisichokubali ni kuuza gesi kana kwamba kila mtu hulipwa mwisho wa mwezi. Vyama vya akina mama vinavyozungushiana fedha za kununulia sufuria vyaweza pia kuzungushiana mtungi, na kaunti ikitaka kusaidia na isaidie hapo, kwenye gharama ya kwanza, ambapo wengi hukwama.

Na sisi walimu tusijitoe. Shule nyingi bado hupika kwa kuni: asubuhi tunamfundisha mwanafunzi kuhifadhi misitu, adhuhuri tunampa githeri iliyoivishwa kwa magogo. Mwalimu atakaye kuipeleka hesabu hii darasani na awaulize wanafunzi wake, wavulana kwa wasichana, ni nani aliyekwenda kutafuta kuni jana, na alirudi saa ngapi.