Tusikusanye viti kabla wa mwisho hajafika



Baridi ya Julai imetushika Kayole. Kwenye kesha ya Ijumaa niliwaona mmejifunika mashuka, akina mama wamewavika watoto makoti mawili mawili, na ndugu mmoja pale nyuma alikuja na blanketi kabisa. Nilicheka, halafu nikamkumbuka Mkenya mmoja ambaye baridi yetu hii angeiona kama jua la mchana.

Anaitwa Philip Boit. Ni mtu wa upande wa Eldoret, na alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996, yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland wajifunze mbio za kuteleza kwenye theluji kwa vibao vya miguuni na fimbo mbili mikononi. Theluji yenyewe hakuwa ameiona maishani mwake. Kampuni ya viatu ya Nike ndiyo iliyolipa, na wengi walisema hayo ni matangazo ya biashara tu. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, Boit alisimama kwenye mstari wa kuanzia kule Nagano, Japani. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi.

Mpendwa, fikiria maandalizi yake. Alipokuwa nyumbani Kenya, alifanya mazoezi barabarani kwa vibao vyenye magurudumu. Jua linawaka, lami imepata moto, na mtu mzima anasukuma fimbo kana kwamba kuna theluji. Bila shaka wapo waliomcheka. Lakini ukingoja theluji ianguke ndipo uanze kujizoesha, umechelewa. Wewe unayetaka kujifunza kuomba siku daktari atakapokupa majibu mabaya, anza leo ukiwa mzima. Anza kuweka akiba ya mia mia wakati kazi ingalipo. Hata mtume Paulo, mtu wa imani kubwa, alimwandikia Timotheo amletee joho lake, na akamhimiza afike kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4:13, 21). Paulo hakusema atakemea baridi. Aliitisha koti.

Kuna jambo lingine wanalolijua watu wa baridi kali. Baridi ile ikikuingia, huanza na vidole, pua na masikio. Kwanza inauma, kisha maumivu yanaisha. Ukisikia maumivu yameisha unadhani umepona, kumbe ni ganzi, nyama inaganda. Wewe mwenyewe huwezi kuuona uso wako. Ni mwenzako anayekutazama na kukuambia, "Ndugu, pua yako imekuwa nyeupe, tafuta joto." Kwa hiyo safari ya baridi kali haifai kwenda bila mtu wa kukutazama usoni.

Hapo ndipo neno hili liliponichoma mimi mwenyewe, na sitawaficha.

Miaka michache iliyopita, ndugu mmoja aliyekuwa anapambana na pombe alisimama wakati wa ushuhuda. Alisema amemaliza siku tisa bila kuonja. Siku tisa! Wengine walicheka chini kwa chini, kwa sababu tulikuwa tumemsikia akianza mara tatu hapo awali. Nami mchungaji wake nikamwambia, "Fupisha ndugu yangu, muda umetutupa mkono." Akaketi. Aliyefuata alikuwa na ushuhuda wa gari jipya, na huyo nilimpa dakika ishirini. Nilimpigia hata makofi.

Jumapili iliyofuata kiti cha yule ndugu kilikuwa kitupu. Nilimtafuta nikampata Nyando, amekaa mlangoni pa chumba chake, na siku tisa zimekwisha. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Pasta, niliona nyinyi mna haraka." Bado namtembelea. Kanisani hajarudi.

Sasa turudi Nagano. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa mkubwa kuliko wote wa wakati ule, alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alikuwa bado mbali kule msituni, theluji yenye maji inagandia vibao vyake. Alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92. Hesabu mwenyewe: ni dakika ishirini na sekunde moja nyuma ya mshindi. Lakini alipofika kwenye mstari, alimkuta Dæhlie amesimama anamngoja. Sherehe ya medali ilichelewa kwa sababu mshindi hakukubali kuondoka. Alimkumbatia. Boit hakulisahau jambo lile, na mwanawe alimpa jina la Dæhlie.

Ninaamini kanisa letu limejifunza kushangilia kama uwanja wa michezo, na halijajifunza kungoja kama Dæhlie. Tunawapa kipaza sauti waliokwisha kufika: aliyepata viza, aliyeolewa, aliyejenga. Aliye kwenye siku ya tisa tunamwambia afupishe. Halafu tunashangaa vijana wetu wanapoanguka kimya kimya, ganzi imewaingia, na hakuna aliyewatazama usoni.

Najua mtu atanijibu, "Pasta, Paulo alisema tupige mbio ili tupate tuzo, 1 Wakorintho 9:24." Amina, amesema hivyo. Lakini soma mpaka mstari wa 27 uone anavyozungumza juu ya kujizuia na kuutiisha mwili. Hapo Boit anaingia. Hakuwa mvivu. Alijizoesha kadiri alivyoweza katika nchi isiyo na uwanja wa mchezo wake, na baada ya kuwa wa mwisho mbele ya dunia nzima, alirudi tena Olimpiki mwaka 2002 kule Salt Lake City na mwaka 2006 kule Torino. Sibariki uvivu. Ninasema tu kwamba aliye nyuma si lazima awe mvivu. Wengine walianza mbio wakiwa hawajawahi kuiona theluji.

Tena angalia: kumngoja wa mwisho hakukumpunguzia Dæhlie hata chembe ya dhahabu yake. Medali ilikuwa yake, na heshima ikaongezeka. Wewe uliyebarikiwa, unaogopa nini kumngoja mwenzako?

Kwa hiyo kuanzia Jumapili hii tutabadilisha. Dakika za kwanza za ushuhuda zitakuwa za walio njiani. Kama umemaliza siku tatu bila pombe, simama. Kama umelipa nusu ya deni, simama. Kama ndoa bado ni ngumu lakini jana hamkugombana, simama. Hakuna atakayekuambia fupisha, na mimi wa kwanza. Viongozi wa vikundi vya nyumbani, kila mmoja achukue watu wawili ambao hajawaona mwezi huu, aende mpaka mlangoni. Usitume ujumbe wa simu peke yake. Ujumbe hauoni pua iliyokuwa nyeupe.

Nao wahudumu wetu wapendwa, nawaomba jambo dogo: ibada ikiisha, msikusanye viti haraka. Kuna mama anayetoka kuuza mboga sokoni na hufika tukiwa kwenye baraka. Akikuta viti vimepangwa ukutani, ameambiwa kwamba amechelewa kwa Mungu. Mwachieni kiti.

Na wewe ndugu yangu wa siku tisa, nikiamini mtu atakuonyesha maneno haya: nilikosa mimi. Siku ya kwanza ikianza upya leo, njoo nayo. Nitakuwa mlangoni.

Baba, utusamehe haraka yetu. Wape nguvu walio nyuma kwenye baridi, na utupe sisi macho ya kuwaona. Katika jina la Yesu.

Ukikubaliana nami andika AMINA, kisha mpigie mtu mmoja kabla hujalala. Ubarikiwe.