Masika Yasiyakute Maembe Yetu Sakafuni

Ndugu zangu wakaushaji wa matunda wa Morogoro, Bagamoyo na Muheza, akina mama wa vikundi na wenye maduka: kukausha tumeshajua. Makaushio ya jua yapo, chanja zipo, nyavu za kuzuia nzi zipo. Hasara hutupata baadaye. Embe la Desemba huwa bado limo ghalani masika yanapoanza Machi, hewa ikajaa unyevu na vipande vikaufyonza. Vinaanza kunata, kisha ukungu, na mnunuzi haonekani tena.

Lawama tunaitupia mvua. Mimi nasema kosa huanza siku ya kufungasha. Vipande vya chanja moja havikauki sawasawa; vinene hubaki na maji ndani huku vyembamba vimekakamaa. Tukivifunga siku hiyohiyo, tena vikiwa na joto, maji hugeuka matone ndani ya pakiti. Viacheni vipoe, vitieni kwenye ndoo safi yenye mfuniko bila kuijaza, mvitikise kila siku kwa wiki moja hadi unyevu ulingane. Mkiona matone kwenye mfuniko, virudisheni kaushioni. Najua mnunuzi anapiga simu, mwacheni apige.

Kilichoota ukungu msikifute mkakianika upya. Baadhi ya ukungu hutoa sumu ambayo jua haliiondoi, na hatujasahau sumukuvu ya mahindi iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tupeni, hata kama inauma.

Sasa hoja yangu kubwa. Kila mmoja wetu anahifadhi chake chumbani, chini ya kitanda au jikoni karibu na moshi, halafu tunakusanya mzigo na kuuza kwa jina moja la kikundi. Gunia moja lenye wadudu huwaambukiza wote. Tuchangishane tupate ghala moja: chumba kikavu chenye kivuli, madirisha ya wavu, chaga za kuinua mzigo kutoka sakafuni, na nafasi kati ya mzigo na ukuta. Tununue mashine moja ya kufungia pakiti na friza moja (ya matunda tu, si ile ya samaki). Matunda yakikaa siku mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mayai ya nondo yaliyoingia wakati wa kuanika hufa. Kila pakiti iandikwe tarehe, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Nanyi wenye maduka, msizitundike pakiti mlangoni zikipigwa na jua. Rangi hupotea, ladha nayo hufuata, kisha mteja anamlaumu mkulima.

Kwenye kikao kijacho, kabla embe la kwanza halijaiva, wekeni ajenda mbili tu: ghala litakuwa kwa nani, na nani atashika ufunguo.