Mkamwana Hayumo Kwenye Bajeti

Kwetu mzee akipata kiharusi akalala, hakiitishwi kikao cha kuamua nani atamuuguza. Kikao kinachoitishwa ni cha kuchangia dawa. Mwuguzaji anajulikana tayari: binti aliyeachika, mjukuu aliyemaliza shule akakosa kazi, au mkamwana aliyeolewa na mtoto wa kwanza. Nyumbani kwetu alikuwa mama mdogo. Miaka minne alimgeuza bibi usiku na mchana ili asipate vidonda vya mgongo, na bibi alipofariki, biashara yake ya vitenge ilikuwa imekwisha zamani. Siku ya kuanua matanga, msemaji wa familia aliwashukuru waliotuma fedha, mmoja mmoja kwa jina.

Nimeanza huko kwa makusudi. Makala haya yanahusu bima ya matunzo ya wazee, na neno bima likitajwa tu watu hukimbilia hesabu: nani achange, kiasi gani, mfuko utadumu miaka mingapi. Hesabu zina mahali pake. Lakini kabla yake kuna swali la mikono. Nani anamwinua mzee kitandani? Japani ni mahali ambapo swali hilo liliulizwa hadharani, tena na wanawake waliokuwa wamechoka.

Mwaka 1972 mwandishi Ariyoshi Sawako alitoa riwaya kuhusu mkamwana mwenye kazi yake ofisini ambaye baba mkwe wake anapotewa na akili uzeeni, na mzigo wote unamwangukia yeye. Nakala zaidi ya milioni moja zilinunuliwa. Mwaka uliofuata serikali ilifanya matibabu kuwa bure kwa waliofikisha miaka 70, na familia zikapata mlango wa nyuma: mzee asiyehitaji daktari alilazwa hospitali miezi kwa miezi, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwogesha. Makao ya wazee yalikuwepo, ila yalinuka umaskini. Kumpeleka mzazi huko ilikuwa aibu, na ofisa wa ustawi aliyepokea ombi aliangalia kwanza kama nyumbani yupo wa kumtunza. Akikuta mkamwana, nafasi hupati.

Sheria ya bima ya matunzo ya Japani ilipitishwa Desemba 1997 na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 2000. Kila mtu wa miaka 40 na kuendelea anachangia. Waliofikisha 65 wengi wao hukatwa kwenye pensheni. Michango ni nusu ya mfuko, kodi ni nusu ya pili. Mwenye bima ni halmashauri ya mji au kijiji, si kampuni. Ukiomba huduma, mtu wa halmashauri anakuja nyumbani na maswali 74. Je, mzee anaweza kujigeuza? Kusimama kwa mguu mmoja? Kuvaa na kuvua nguo? Kompyuta inakadiria muda wa matunzo anaouhitaji, kisha jopo la wataalamu linampanga katika moja ya madaraja saba. Baada ya hapo mratibu wa matunzo anachora ratiba: siku ya kuogeshwa, siku ya kwenda kituo cha kushinda na wenzake, saa za msaidizi kufika. Mzee analipa sehemu moja ya kumi. Wenye kipato kikubwa walipandishwa hadi mbili mwaka 2015, na baadhi yao tatu mwaka 2018.

Katika maswali yote hayo, hakuna linalopima haki ya mzee kwa kuuliza kama ana binti au mkamwana nyumbani. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo sheria yenyewe.

Mzozo mkubwa ulikuwa kama familia zipewe fedha taslimu. Ujerumani, iliyotangulia na bima yake mwaka 1995, iliacha watu wachague, na wengi wakachagua fedha. Huko Japani wanawake waliokuwa pamoja na mwanaharakati Higuchi Keiko walikataa. Walijua fedha ikiingia nyumbani, mkamwana atabaki palepale alipo, ila sasa ataambiwa kwamba analipwa. Wakashinda: bima ikatoa huduma, haikutoa noti. Upande wa pili haukunyamaza. Mwaka 1999 Kamei Shizuka, kigogo wa sera katika chama tawala, alitetea desturi njema ya watoto kuwatunza wazazi, na serikali ikalegeza: wenye miaka 65 na zaidi hawakutozwa mchango kwa miezi sita ya kwanza, na mwaka mzima uliofuata walitozwa nusu. Hotuba za namna hiyo tunazo nyingi hapa kwetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nawaunga mkono wanawake wale, ingawa bili yao imefika na si ndogo. Mchango wa wastani wa mwenye miaka 65 na zaidi ulikuwa yeni 2,911 kwa mwezi mwaka 2000. Tangu 2024 ni yeni 6,225. Malipo ya huduma hupangwa na serikali, kwa hiyo huwezi kumwongezea mshahara mwogeshaji bila kugusa mfuko wa mchangiaji au wa kodi, na vijana wanaikwepa kazi hiyo. Tangu 2008 Japani imekuwa ikiwaita watunzaji kutoka Indonesia, kisha Ufilipino na Vietnam. Na bado watu wapatao 100,000 kila mwaka huacha ajira ili kuuguza wazazi. Hata hivyo, mwaka 2001 wake au waume wa watoto wanaoishi na mzee ndio waliokuwa watunzaji wakuu kwa zaidi ya mmoja kati ya wazee watano wanaotunzwa nyumbani. Mwaka 2022 ni takribani mmoja kati ya ishirini. Si bima peke yake iliyofanya hivyo, kwa kuwa familia nazo zimeacha kukaa pamoja. Lakini mkamwana wa riwaya ile leo angekuwa na mtu wa kumpigia simu.

Sisi Afrika Mashariki tumeanza na noti. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo huwapa wa umri huo shilingi zake 2,000. Ni haki yao na naomba ziongezwe. Bibi angezipokea kwa furaha, kisha angemwita mama mdogo aje kumgeuza.

Aliyetuma nyingi kuliko wote kwenye matanga yale, na jina lake likatajwa la kwanza, ni mtoto wa mjomba anayeishi Marekani. Kazi yake huko ni kuogesha na kugeuza wazee katika nyumba ya matunzo, zamu ya usiku. Analipwa kwa saa.