Reli na Wapagazi

Kabla ya kuja kwa reli, mtu aliyetaka kutoka Mombasa kwenda Ziwa la Viktoria alikwenda kwa miguu, na safari hiyo ilimchukua kama miezi mitatu. Mpagazi alibeba kichwani mzigo wa ratili 60 au zaidi, na juu yake jamvi la kulalia na posho yake. Nyika ya Taru ndiyo iliyoogopwa khasa, kwa kuwa haina maji; aliyeishiwa na maji kibuyuni katikati ya nyika hiyo alikuwa katika hatari kubwa.

Mwaka 1896 reli ilianza kutandikwa Mombasa. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kama 2,500 kati yao walikufa. Habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898 zinajulikana kwa kila mtu. Maradhi yaliua wengi zaidi, lakini hayakuandikiwa vitabu. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwani, pale panapoitwa Kisumu.

Basi nyika ya Taru ikapitwa kwa saa chache, na abiria ameketi. Lakini hawakuketi wote namna moja. Mzungu wa daraja la kwanza alishuka Voi, akala chakula cha jioni mezani katika nyumba ya wasafiri. Mwafrika wa daraja la tatu alibaki juu ya ubao, akafungua kifurushi alichotoka nacho nyumbani. Tena tikiti ilitaka rupia, na rupia hizo hizo ndizo zilizotakiwa kwa kodi ya nyumba. Hata hivyo, ubao ni mgumu, lakini haulemei shingo kama mzigo.

Ilionekana kwamba kazi ya upagazi katika njia ile imekwisha. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, watu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wachukuzi wa jeshi, wengi wao kwa nguvu. Mwaka 1915 reli ya vita ilijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Kila mahali reli ilipoishia, mizigo ilishushwa garini ikapandishwa tena vichwani mwa watu, wakaenda nayo mbali katika nchi ya Tanganyika. Maelfu hawakurudi, waliuawa na homa na kuhara kuliko risasi. Mtaa wa Kariakor mjini Nairobi umepata jina lake kwa kikosi hicho.